KAGUA BOMBA LA MOSHI KABLA HALIJALA MTAJI WAKO

Leo hatuongelei picha nzuri wala namna ya kujibu wateja inbox. Tunaongelea bomba la moshi, maana wengi wetu tunaouza mtandaoni nyumba ndiyo jiko, ndiyo stoo na ndiyo duka. Moto ukishika darini, haliungui jiko peke yake, unaondoka na mzigo wote.

Mimi naoka mikate na keki hapa Mwankoko, Manispaa ya Singida, kwa oveni ya kuni. Oda napokea WhatsApp. Kila nikiposti ile oveni, waokaji wenzangu wa Tanga, Bagamoyo na Unguja wananiuliza swali lilelile: mbona bomba lako bado zima, la kwangu limeoza mapema hivi?

Jibu ni hewa. Huku kwetu ni kukavu na mvua ni msimu mmoja tu. Pwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi inavuta maji na kulishambulia bati kwa nje. Ndani kuna masizi, nayo yakilowa yanatoa tindikali inayokula bati taratibu. Kwa hiyo bomba la pwani linaliwa pande mbili. Ukikaa wiki kadhaa za masika bila kuwasha jiko, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna joto la kulikausha.

Ukaguzi unaufanya mwenyewe, jiko likiwa limepoa kabisa, isipokuwa hatua ya kwanza.

1. Angalia mvuto. Washa moto kidogo, subiri bomba lipate joto, kisha sogeza kijiti cha udi kinachofuka kwenye mdomo wa jiko. Moshi wake ukivutwa ndani, safi. Ukirudi usoni kwako, kuna kitu kimeziba au bomba ni fupi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kichwa cha bomba kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote cha paa kilicho ndani ya mita 3.

2. Angalia masizi. Washa tochi ya simu, weka kioo kidogo kwa chini, tazama juu. Yakiwa unga mweusi mkavu, piga brashi. Yakifika unene wa milimita 3, usisubiri kesho. Ukikuta yanang'aa na kunata kama lami, hayo ni hatari, yanashika moto ndani ya bomba. Usijaribu kuyachoma ili yaishe, ita fundi. Mara nyingi chanzo chake ni kuni mbichi. Kausha kuni kwanza, na uziweke mahali pasipovuja.

3. Tafuta kutu. Gonga bomba kwa mpini wa bisibisi kutoka chini kwenda juu. Penye afya panalia, penye kutu panatoa mlio mzito au panabonyea. Usisahau maungio na pale linapopita kwenye paa, maana ndipo maji yanapotuama. Doa la kahawia ukutani ni dalili kwamba maji yanaingia.

4. Angalia juu. Kofia ipo? Ndege hawajajenga? Sisi Singida tuna upepo mkali, kofia inalegea hivihivi. Ngazi ishikwe na mtu, na usipande bati likiwa limelowa.

5. Angalia mbao. Bomba la bati tupu linatakiwa kukaa mbali na mbao, kanuni ya kawaida ni sentimita 45. Likipita katikati ya boriti, fundi aweke kinga. Kama umeezeka kwa makuti, usipitishe bomba humo hata kidogo. Hamishia oveni kwenye banda la bati, mbali na nyumba.

Ratiba? Anayeoka kila siku aangalie masizi kila mwezi. Ukaguzi kamili wa pwani ufanyike mara mbili: kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Sisi wa huku bara ya kati tufanye kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Sasa kuna adui asiyeonekana: kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inatoka bomba likiziba, na inatoka pia kwenye jiko la mkaa hata kama halitoi moshi. Juni na Julai Singida kuna baridi, mtu anafunga madirisha, anaingiza jiko la mkaa ndani huku anafunga oda za kesho. Usifanye hivyo. Kichwa kikianza kuuma, ukapata kizunguzungu au kichefuchefu, na watoto nao wanalalamika, tokeni nje wote mara moja, kisha nendeni hospitali. Moto ukiwaka, piga 114, ni Zimamoto.

Na gharama yake iingie kwenye bei. Tuseme bomba ni sh 60,000 na kwako linadumu mwaka mmoja. Hiyo ni sh 5,000 kwa mwezi. Ukiuza mikate 250 kwa mwezi, ni sh 20 tu kwa mkate. Kama huitengi, siku bomba likitoboka utachota kwenye hela ya unga. Halafu jua kwamba mkate au nguo ikishanuka moshi, mteja haulizi bomba lako limefanyaje, anahama tu kimya kimya.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ukiweza kuhamia gesi au umeme, hama. Lakini kama bado uko kwenye kuni kama mimi, basi moshi utoke nje wote.

Kama una mwenzako anayeoka au kukaanga nyumbani, mtumie hii leo, hasa akiwa pwani.