Pasi Nzuri ni Kinga ya Ngozi

Katika nyumba za kupanga za Bukoto, Kampala, nguo nyingi huanikwa kwenye kamba kati ya nyumba na nyumba, mahali jua halifiki vizuri. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hukaa na unyevu kutwa nzima. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo kama hizo. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na funza huingia katika ngozi ya mvaaji. Hutokea uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati.

Joto la pasi huua mayai hayo. Kwa hiyo unaponunua pasi, usitazame kung'aa kwake. Tazama kama inapata moto wa kutosha na kama haitaleta madhara nyumbani.

Pasi ya umeme
Ya kawaida isiyo na mvuke inatosha. Kagua waya: usiwe umechubuka wala kuungwa. Plagi iwe ya pini tatu, na waya wa ardhini uwe umefungwa ndani yake. Omba muuzaji aiwashe mbele yako: taa yake izime pasi ikishapata moto. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kujizima hutumia uniti moja ya umeme. Kusanya nguo, uzipige pasi kwa mara moja.

Pasi ya mkaa
Kifuniko kijifunge barabara, mpini usilegee, na pembeni pasiwe na ufa wa kutoa cheche. Kumbuka kwamba mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Washa na kupiga pasi nje. Usiilaze chumbani ikiwa bado ina makaa.

Namna ya kupiga pasi
Piga pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mikanda ya kiunoni. Usisahau nepi, nguo za ndani, taulo na shuka. Nguo ya nailoni isiyostahimili moto ikaushe kabisa, kisha iweke wiki mbili kabla ya kuivaa.

Ikitokea ajali
Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kisha mpeleke kituo cha afya. Ukiona uvimbe wenye tundu, usiukamue kwa nguvu, maana funza anaweza kupasuka ndani. Nenda ukatolewe na mhudumu wa afya.

Kama pesa haitoshi, majirani wawili watatu wanaweza kuchanga na kununua pasi moja nzima. Hiyo ni bora kuliko kila nyumba kuwa na pasi mbovu.