Atoli si kisiwa tu

Meli ya kitalii ikitia nanga Rangiroa, Polinesia ya Ufaransa, wengi wetu huandika kuwa imefika kisiwani. Hapo pana walakini. Meli hiyo hupenya mwanya wa Tiputa na kuelea ndani, abiria wakishushwa kwa mashua. Ebu niambie, msomaji, imeelea juu ya nchi kavu?

Rangiroa ni pete ya matumbawe iliyozunguka wangwa, yaani maji ya bahari yaliyotulia katikati. Napendekeza tuiite atoli, neno la Kidivehi cha Maldivi lililopitia Kiingereza. Mnamo 1842, Darwin alieleza kuwa volkeno ya katikati huzama, matumbawe yakiendelea kukua. Basi tukisema 'kisiwa', twataja hasa kile kilichozama.