Ocon alichukua kombe, Verstappen akachukua kiti: Somo la msimu wa Formula 3 wa 2014

Ukitaja mbio za langalanga leo, hata mtu asiyezifuatilia atakutajia jina la Max Verstappen, Mholanzi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Wasilolijua wengi ni kwamba kabla ya kufika huko, Verstappen hakuwahi kuwa bingwa wa ligi yoyote ya chini ya magari hayo. Alishiriki msimu mmoja tu kamili, ule wa 2014 katika Formula 3 ya Ulaya, akamaliza wa tatu.

Bingwa wa mwaka ule alikuwa Mfaransa Esteban Ocon. Lakini msimu uliofuata ulipowadia, yule wa tatu ndiye aliyepanda Formula One, na bingwa akabaki katika ligi za chini. Je, Ocon alidhulumiwa? Swali hili nimelisikia likiulizwa mara nyingi, na jibu lake si jepesi. Ili tulipate inatubidi kwanza tuelewe ligi yenyewe ilivyokuwa.

Ligi ya vijana ilivyoendeshwa

Magari ya mbio hizi ni ya kiti kimoja, hayana paa, na magurudumu yake yako nje ya bodi. Kijana huanza utotoni na vigari vidogo vya karti. Akifika umri wa miaka 15 au 16 huhamia magari makubwa, na kutoka hapo hupanda ngazi moja baada ya nyingine akitarajia kufika Formula One. Mwaka 2014, Formula 3 ya Ulaya ilikuwa miongoni mwa ngazi zilizoheshimiwa zaidi.

Msimu ule ulikuwa na mikondo 11, na kila mkondo ulikuwa na mbio tatu, kwa hivyo jumla ni mbio 33. Ulianza Silverstone, Uingereza, mwezi wa Aprili na kumalizikia Hockenheim, Ujerumani, mwezi wa Oktoba. Katikati vijana walipita Pau, mji wa Ufaransa ambako mbio hufanywa katika barabara za mjini kabisa, wakaenda Hungaroring, Spa, Norisring, Moscow, Red Bull Ring, Nürburgring na Imola. Kila uwanja una tabia yake. Spa una urefu wa kilomita saba na unapanda na kushuka vilima vya Ubelgiji. Norisring hauzidi kilomita mbili na nusu, na kuta zake ziko karibu mno na gari.

Takriban magari yote yalikuwa na bodi ya aina moja, iliyotengenezwa na Dallara ya Italia, na tairi zilikuwa za kampuni moja kwa wote. Injini ndizo zilizotofautiana. Ocon, katika timu ya Prema ya Italia, alikuwa na injini ya Mercedes. Verstappen, aliyekuwa na timu ya Kiholanzi ya Van Amersfoort, alikuwa na ya Volkswagen. Nia ilikuwa kupunguza tofauti za magari ili uwezo wa dereva uonekane. Hata hivyo timu iliyo na mafundi wazuri na uzoefu wa miaka mingi bado ilikuwa na nafasi bora, na Prema ilikuwa timu ya aina hiyo.

Watoto wa nani hawa?

Ukitazama orodha ya madereva wa msimu ule utaona majina ya ukoo unayoyatambua. Baba yake Verstappen, Jos, aliendesha Formula One miaka ya tisini, na mama yake, Sophie Kumpen, alikuwa dereva hodari wa karti. Lucas Auer wa Austria ni mpwa wa Gerhard Berger, aliyeshinda mbio 10 za Formula One.

Tom Blomqvist, aliyemaliza wa pili, ni mwana wa Stig Blomqvist, bingwa wa dunia wa mbio za magari za masafa wa mwaka 1984. Huyu mzee si mgeni kwetu. Ndiye aliyeshinda East African Safari Classic ya 2015, ile ya magari ya zamani, akiendesha Porsche 911 akiwa na umri ambao wenzake wengi huwa wamekwisha kustaafu na kulea wajukuu.

Ocon hakuwa na jina la aina hiyo. Baba yake ni fundi wa magari kutoka Normandy. Ocon mwenyewe amesimulia hadharani mara kadhaa jinsi wazazi wake walivyouza nyumba ili mtoto aendelee na karti, familia ikawa inaishi ndani ya gari la kulala, ikizunguka nalo kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Hebu litafakari hilo, msomaji. Mtu na mkewe wanauza paa linalowasitiri kwa sababu mtoto wa miaka kumi na kitu anapiga kona vizuri kuliko wenzake.

Na gharama zenyewe si za mzaha. Msimu mmoja wa Formula 3 hugharimu mamia ya maelfu ya euro kwa dereva mmoja. Timu hazimlipi kijana, bali kijana ndiye anayelipia kiti. Asiye na baba tajiri hutafuta mdhamini, au huingia katika mpango wa vijana wa timu kubwa. Mkono mtupu haulambwi.

Hesabu ya ubingwa

Sasa tuje kwenye jambo linalowatatiza wengi. Verstappen alishinda mbio 10 msimu ule. Ocon alishinda 9. Blomqvist alishinda 6. Vipi basi mwenye ushindi mwingi zaidi akawa wa tatu?

Mshindi wa mbio alipata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, kisha 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1 kwa wa kumi. Mwisho wa msimu Ocon alikuwa na alama 478, Blomqvist 420 na Verstappen 411.

Fanya hesabu nami. Ushindi 10 wa Verstappen ni alama 250. Zilizobaki ni 161, alizozipata katika mbio 23 nyingine, yaani wastani wa alama 7 kwa kila mbio. Ushindi 9 wa Ocon ni alama 225. Zilizobaki ni 253 katika mbio 24, wastani wa zaidi ya 10. Blomqvist naye, ukiondoa ushindi wake, alivuna alama 270 katika mbio 27, wastani wa 10 kamili.

Kwa maneno mengine, siku ambayo Verstappen hakushinda, mara nyingi alipata kidogo au hakupata kitu. Siku ambayo Ocon hakushinda, mara nyingi alikuwa wa pili, wa tatu au wa nne. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Ocon kilijaa mapema hata akatangazwa bingwa Imola, mkondo mmoja kabla ya msimu kwisha.

Kilichoonekana na wenye viti

Ikiwa hesabu inasema hivyo, kwa nini Red Bull ilimchagua wa tatu?

Kwanza, umri na uzoefu. Verstappen alizaliwa Septemba 30, 1997. Msimu wa 2013 wote alikuwa bado kwenye karti, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa daraja la juu la karti. Alipofika Silverstone Aprili 2014 alikuwa na miaka 16, na ile ndiyo ligi yake ya kwanza ya magari makubwa. Ocon alimzidi kwa mwaka mmoja tu, lakini alikuwa ameshakaa misimu miwili katika ligi za Formula Renault. Kumwona mgeni akishinda katika mkondo wa pili tu, kule Hockenheim, kuliwashtua wengi.

Pili, kuna wiki mbili za katikati ya msimu ambazo hazikusahaulika. Verstappen alishinda mbio zote tatu za Spa, kisha akaenda Norisring akashinda zote tatu tena. Ushindi sita mfululizo, katika viwanja viwili ambavyo havifanani hata kidogo, dhidi ya vijana waliomzidi uzoefu. Anayetafuta dereva wa kesho hatazami jumla ya alama peke yake. Hutazama kilele cha kijana kiko wapi, na anajifunza kwa haraka kiasi gani.

Tatu, kulikuwa na ushindani wa wenyewe kwa wenyewe. Mercedes nao walimtaka, lakini hawakuwa na kiti cha Formula One cha kumpa mara moja. Red Bull walikuwa nacho, kwa kuwa walimiliki timu ya pili, Toro Rosso, waliyoitumia kulea vijana. Agosti 2014, ligi ya Formula 3 ikiwa bado inaendelea, wakatangaza kwamba Verstappen angeendesha Toro Rosso msimu wa 2015. Oktoba 3, siku tatu baada ya kutimiza miaka 17, alikuwa ndani ya gari la Formula One katika mazoezi ya Suzuka, Japani. Ocon alikuwa bado hajatawazwa.

Ocon naye hakuachwa mtupu. Timu ya Lotus ilikuwa imemsaidia, na Novemba ikampa nafasi ya mazoezi Abu Dhabi. Lakini Lotus ilikuwa na matatizo ya fedha, na mmoja wa madereva wake wakati huo, Pastor Maldonado, aliletewa timu udhamini mnono na kampuni ya mafuta ya Venezuela. Kijana wa fundi wa Normandy angekuja na nini cha kushindana na hilo?

Sheria ikabadilika

Machi 2015 Verstappen alianza mbio kule Australia akiwa na miaka 17. Aliyeshikilia rekodi ya udogo kabla yake, Jaime Alguersuari, alikuwa na 19. Wazee wa mchezo walilalamika kwamba mtoto ambaye hajafika umri wa leseni ya kawaida ya udereva anaruhusiwa kuendesha gari la kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Shirikisho la mbio za magari duniani, FIA, likaweka masharti mapya yaliyoanza 2016. Ili kupata leseni ya Formula One ilibidi dereva awe na miaka 18, awe ameshiriki angalau misimu miwili ya ligi za vijana za magari ya kiti kimoja, na awe amekusanya alama 40 za leseni katika miaka mitatu kutokana na nafasi alizomaliza katika ligi hizo. Chini ya masharti hayo, njia aliyopita Verstappen isingewezekana. Mwaka 2024 FIA ililegeza kidogo sharti la umri, ikaruhusu wenye miaka 17 kwa hali za kipekee.

Utaona hapa jambo la busara. Sheria haikumwondoa aliyekwisha kuingia, wala haikusema uamuzi wa Red Bull ulikuwa mbaya. Ilichofanya ni kuzipa ligi za vijana uzito, ili kombe la bingwa lihesabiwe mlangoni badala ya kubaki pambo la sebuleni.

Walikoishia

Verstappen alishinda mbio yake ya kwanza ya Formula One nchini Uhispania, Mei 2016, akiwa na miaka 18. Mengine yanajulikana.

Ocon alichukua ubingwa wa GP3 mwaka 2015, akaingia Formula One katikati ya 2016 na timu ndogo ya Manor. Mwaka 2019 alibaki bila kiti, baada ya timu yake ya Force India kununuliwa na kundi la bilionea Lawrence Stroll, ambaye mwanawe pia ni dereva. Akasubiri mwaka mzima kama dereva wa akiba wa Mercedes. Akarudi 2020, na mwaka 2021 akashinda mbio za Hungary, katika uwanja ule ule wa Hungaroring aliopita akiwa kijana wa Formula 3.

Blomqvist hakupata kiti cha kudumu wala cha muda katika Formula One, lakini alishinda mbio za saa 24 za Daytona, Marekani, mwaka 2022 na 2023. Antonio Giovinazzi, aliyekuwa nao msimu ule, aliendesha Formula One kisha akashinda saa 24 za Le Mans mwaka 2023 akiwa na Ferrari. Jake Dennis akawa bingwa wa dunia wa magari ya umeme. Ngazi ni moja lakini milango ni mingi, na kila mtu na riziki yake.

Turudi kwenye swali letu. Kwa maoni yangu, Ocon hakudhulumiwa kwa Verstappen kuchaguliwa. Aliyemchagua Verstappen aliona sawasawa, na miaka iliyofuata imethibitisha. Jedwali la alama nalo halikukosea: lilipima nani alikuwa imara zaidi kwa mbio 33, na jibu lilikuwa Ocon. Dhuluma, kama ipo, iko mahali pengine. Iko katika mchezo ambao mtoto akiwa bingwa wa Ulaya bado anaulizwa ana mdhamini gani, na ambao wazazi huuza nyumba ili mtoto wao apimwe tu. Wale waliouza nyumba na mtoto asifike hata Formula 3, hatuyajui majina yao, na hakuna jedwali linalowaandika.