Sarkoidosi ya Mishipa ya Fahamu na Daraja za Yakini

Neno sarkoidi lilitumiwa na tabibu wa Norway, Caesar Boeck, mwaka 1899. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya nyama, kwani vinundu alivyoviona ngozini vilifanana na uvimbe wa nyama. Lakini ugonjwa wenyewe hauishii ngozini. Kwa wagonjwa kama 5 hadi 10 katika kila 100 huingia katika ubongo, uti wa mgongo au mishipa ya fahamu, na aghalabu dalili yake ni kupooza upande mmoja wa uso.

Tuseme mgonjwa wa namna hiyo ashuka kutoka Machame hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Tabibu hawezi kuanza na sarkoidosi. Katika miteremko hiyo ya Kilimanjaro, ambako hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, ni kifua kikuu kinachoshukiwa kwanza. (Na hapa jina letu lapotosha: kifua kikuu chaweza kuwamo ubongoni, na mgonjwa asikohoe hata mara moja.) Magonjwa yote mawili huzidisha chembe nyeupe na protini katika maji ya uti wa mgongo, yote mawili huvimbisha tezi za kifuani. Kwa hadubini, kinundu cha kifua kikuu kwa kawaida huonekana kimeoza katikati mithili ya jibini, na cha sarkoidosi hakikuoza. Hata hivyo, kutoviona vijidudu si dalili ya kwamba havimo. Wala nafuu iletwayo na steroidi si ushahidi, maana hupatikana katika yote mawili. Na steroidi zikitolewa bila dawa za kifua kikuu kwa mwenye kifua kikuu, zaweza kumwangamiza.

Ndiyo sababu mwaka 2018 wataalamu walikubaliana juu ya daraja tatu, baada ya maradhi mengine kuondolewa. Ya kwanza haina kipande cha nyama kilichopimwa. Ya pili ina kipande kilichotolewa kwingineko, kama vile tezi au ngozi, kazi iliyo nyepesi kuliko kufungua fuvu. Ya tatu kipande kimetoka katika ubongo au mshipa wenyewe.

Mfasiri akiziita mbili za kwanza “huenda”, amefuta kazi yote ya maabara. Twapendekeza “huenda ni”, “yaelekea ni” na “hakika ni”. “Yamkini” tuliache: wengine hulitumia kwa jambo liwezekanalo tu, wengine kwa lielekealo kuwa kweli, na muuguzi asomaye cheti usiku hana wa kumwuliza.