Chuma Kile Kile, Sumaku Tofauti

Dhahabu haivutwi na sumaku. Mchimbaji mdogo wa Geita analijua hilo vizuri, maana akishachekecha mchanga wake huweza kupitisha sumaku juu ya mabaki meusi ili aondoe chembe za chuma na kuiacha dhahabu mahali pake. Hata hivyo, watafiti wa madini katika ukanda wa kusini mwa Ziwa Victoria hutumia magnetometa, na kati ya 1977 na 1980 sehemu kubwa ya Tanzania ilipimwa usumaku kwa ndege. Kipimo cha sumaku kinatafuta nini kwenye nchi ya madini yasiyo na sumaku? Wengi watajibu kwamba kinatafuta chuma. Jibu hilo ni nusu tu. Kinachopimwa hasa ni jinsi elektroni zilivyojipanga ndani ya oksidi za chuma, na mpangilio huo huvurugika pale dhahabu inapotua.

Ushahidi umo ndani ya miamba yenyewe. Vilima vya Geita vina miamba ya mistari ya chuma, tabaka jeusi juu ya tabaka la silika, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.6. Magnetaiti iliyomo humo ni chuma kwa takriban asilimia 72 ya uzito wake. Hemataiti ni asilimia 70. Pairaiti, ile inayong'aa na kuwadanganya wageni, ni asilimia 47. Kama wingi wa chuma ndio ungeamua, magnetaiti na hemataiti zingekuwa karibu sawa. Sivyo: usumaku wa juu kabisa wa magnetaiti ni zaidi ya mara 200 ya ule wa hemataiti. Ndani ya hemataiti atomi za chuma zimelala tabaka kwa tabaka, na kila elektroni pweke, isiyo na mwenza, ni sumaku ndogo. Sumaku za tabaka moja huelekea upande mmoja, za tabaka la pili upande wa pili, kama timu mbili zinazovutana kamba kwa nguvu sawa. Hubaki mwinamo mdogo tu, na ndio unaoipa hemataiti usumaku wake hafifu. Kwenye magnetaiti timu hazilingani, kwa hiyo upande mmoja hushinda. Pairaiti ni kisa kingine kabisa: elektroni zake sita zinazohusika zimekaa mbilimbili katika obiti tatu, kila jozi ikijifuta yenyewe, na hakuna cha kupanga.

Ukielekea Shinyanga utakuta mfano ulio wazi zaidi. Kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi kama ule wa Mwadui uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, huwa na chembe nyeusi za ilmenaiti, ambazo wajiolojia huzifuata kama nyayo. Humo tabaka la chuma hufuatwa na tabaka la titani, tena chuma, tena titani. Titani hiyo haina elektroni pweke, hivyo tabaka za chuma hutenganishwa na jirani asiye na sumaku. Mvuto kati yao ni dhaifu mno, hata ilmenaiti safi haijipangi mpaka ipoe chini ya nyuzijoto 210 hivi chini ya sifuri. Kwa jua la Shinyanga, huvutwa kidogo tu.

Sasa turudi kwenye dhahabu. Maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa za miamba ya Geita yaliibeba ikiwa imeshikamana na salfa. Yalipokutana na magnetaiti, salfa iliiacha dhahabu ikashikana na chuma, pairaiti ikazaliwa, dhahabu ikadondoka. Hivyo mkanda wenye sumaku kali ukikatika au kufifia ghafla kwenye ramani, hapo huenda magnetaiti ililiwa. Mtu atapinga, na kwa haki, kwamba mkanda hufifia pia kwa sababu nyingine: magnetaiti ikichakaa juu ya ardhi hugeuka hemataiti, kuna salfaidi nyingine ya chuma, pairotaiti, ambayo aina yake moja ina sumaku, na udongo mwekundu mgumu uliofunika sehemu nyingi za ukanda huu una oksidi za kwake zinazochafua kipimo. Yote ni kweli. Ndiyo maana ramani ya usumaku huonyesha pa kuchoronga, haionyeshi dhahabu.

Pingamizi la pili ni zito kidogo: mpangilio mwingine wa elektroni katika magnetaiti, alioudokeza Mholanzi Evert Verwey mwaka 1939 na ambao watafiti wa Edinburgh waliuchora kwa kina mwaka 2012, wakionyesha elektroni ikigawanywa kati ya atomi tatu za chuma, hutokea kwenye nyuzijoto 150 hivi chini ya sifuri. Geita haijawahi kupata baridi hiyo. Lakini maabara hupata: kipande cha mwamba kikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, badiliko la ghafla kwenye joto hilo ni alama ya magnetaiti, na hemataiti haina alama hiyo. Fizikia ya baridi kali humsaidia mjiolojia kujua ramani yake inasoma madini gani.

Kwa hiyo mchimbaji anayeuziwa kipimo cha sumaku asiulize kama kinaona dhahabu. Hakioni. Aulize mwamba wake una oksidi gani, na awe na majibu ya maabara mkononi kabla hajatoa fedha.