Je, Wajua? Uzio Uliozuia Macho, Ukazuia Papa, Kisha Ukapata Wapangaji

Balmain, mtaa wa kando ya bandari ya Sydney nchini Australia, una bwawa la kuogelea ambalo hujazwa na kupunguzwa na bahari yenyewe. Linaitwa Dawn Fraser Baths. Lilijengwa miaka ya 1880 chini ya bustani ya Elkington, likitazamana na kisiwa cha Cockatoo. Vibanda na njia za mbao zilizosimama juu ya nguzo vimelizunguka, na maji yaliyomo ndani ni yaleyale ya bandari ambamo hupita feri na mashua.

Kwa hiyo ratiba ya bwawa hili haiko ukutani tu, iko pia mwezini. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila kesho huchelewa kwa takriban dakika 50. Mama aliyefika Jumamosi asubuhi akakuta ufuo mdogo wa mchanga ndani ya bwawa, mwanawe akachota maji kwa kikopo na kujenga ngome, akirudi alasiri hiyohiyo huenda asiione hata punje ya mchanga ule. Wenye watoto wadogo huvizia maji kupwa, na wanaotaka kuogelea masafa husubiri maji kujaa.

Je, wajua kwamba bwawa la namna hii lisingefaa kila pwani? Sydney, tofauti ya maji kujaa na kupwa haizidi takriban meta 2 hata wakati wa bamvua. Unguja na Mombasa bamvua hukaribia meta 4. Uzio kama ule ukijengwa Unguja kwa kina kilekile, maji yakishapwa watoto wangecheza chandimu ndani yake.

Lakini kwa nini watu wazingire kipande cha bahari huku bahari nzima iko wazi? Wengi hujibu haraka: papa. Papa ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni kuona haya. Sheria za miaka ya 1830 zilikataza watu wa Sydney kuoga baharini mchana mahali wanapoonekana, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Aliyetaka kuogelea jua likiwaka ilimbidi ajifiche nyuma ya mbao, na kwenye mabwawa mengi wanawake walikuwa na saa zao na wanaume zao. Mwaka 1902 mhariri wa gazeti mtaani Manly, William Gocher, alitangaza gazetini mwake kwamba ataivunja sheria, akaingia majini mchana kweupe. Novemba 1903 baraza la Manly likaruhusu kuoga mchana kutwa, kwa sharti kwamba vazi lianzie shingoni na kuishia magotini. Kuona haya kukapungua, uzio ukabaki.

Ulibaki kwa sababu papa wapo kweli. Anayehofiwa zaidi bandarini ni yule ambaye kusini mwa Afrika huitwa papa wa Zambezi, kwa kuwa huweza kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi na hupanda mtoni mbali na bahari. Hufika Sydney maji yanapopata joto, na huonekana zaidi Januari na Februari, wakati ambapo huko ni katikati ya kiangazi na shule zimefungwa au ndiyo kwanza zimefunguliwa. Januari 1963 mwigizaji Marcia Hathaway alishambuliwa na papa akiwa kwenye maji ya kina kifupi huko Middle Harbour, akafariki. Mzazi anayejua habari hiyo hahitaji kuelezwa faida ya wavu.

Na huyo Dawn Fraser ni nani? Alizaliwa Balmain mwaka 1937, kitinda mimba katika watoto wanane, akiwa na pumu. Mtaa wenyewe ulikuwa wa makuli na mafundi wa meli, na kuogelea alijifunza katika bwawa hilihili. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya meta 100 mtindo huru mara tatu mfululizo: 1956, 1960 na 1964. Katikati ya hapo, Oktoba 1962, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza meta hizo chini ya dakika moja, kwa sekunde 59.9. Bwawa lilipewa jina lake mwaka 1964, akiwa hai. Heshima ambayo kwa kawaida watu huisubirisha hadi matanga.

Upande wa pili wa mji, Double Bay, kuna Murray Rose Pool, ambalo hadi 2012 liliitwa Redleaf. Hapo hakuna kiingilio. Kuna njia ya mbao ya kuzunguka, majukwaa yanayoelea ya kurukia majini, na bustani yenye nyasi ya kutandika mkeka. Mwogeleaji Murray Rose alishinda dhahabu tatu za Olimpiki Melbourne mwaka 1956 akiwa na miaka 17. Hakula nyama, na magazeti yalimtania kwa mwani aliokula.

Na mwani, ukiota kwenye wavu wa papa, umeleta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Farasi-bahari wa aina ya Hippocampus whitei, walio hatarini kutoweka, wamehamia humo. Samaki huyu ni mwogeleaji dhaifu: hujifunga kwa mkia kwenye mwani na kungoja vijidudu vipite, na dume ndiye hubeba mayai mfukoni hadi yaanguliwe. Makazi yao ya asili bandarini yamepungua, nyavu zikawa mbadala. Watafiti wakaenda mbali zaidi, wakazamisha vizimba vya waya vinavyofanana na madema, vyenye nafasi ya mwani na sifongo kuota; waya ukishaliwa na kutu, hubaki kilichoota. Mwaka 2020 farasi-bahari wachanga waliolelewa kwenye matangi waliachiliwa Clifton Gardens, kando ya wavu wa waogeleaji. Wanaosafisha nyavu nao wanashauriwa wasizikwangue zote kwa mkupuo.

Uzio huo, hata hivyo, hauzuii maji machafu. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji ya jiji humwaga bandarini taka za barabarani na wakati mwingine maji ya vyoo, nayo hupenya wavu bila kupunguza mwendo. Beachwatch, mpango wa serikali ya jimbo unaopima usafi wa maji, hushauri watu wasiogelee bandarini hadi siku 3 baada ya mvua kubwa. Kwenye fukwe za bahari kuu ni siku 1, kwa kuwa huko mawimbi husafisha upesi.