Mizani ya Maradhi ya Wanyama

Msomaji wetu mmoja ameuliza, na swali lake ni la haki: ikiwa kichaa cha mbwa humuua takriban kila mtu aliyekwisha kuonyesha dalili zake, imekuwaje wataalamu wa Kenya, walipokutana mwaka 2015 kuyapanga maradhi 36 yatokayo kwa wanyama, wakatanguliza kimeta, wakafuatisha malale, na kichaa cha mbwa wakakiweka katika daraja ya tatu, mbele ya brusela na homa ya Bonde la Ufa?

Ukali wa maradhi ulikuwa kigezo kimoja tu kati ya vitano. Vingine ni uwezo wa kuenea kwa mlipuko, hasara kwa uchumi na jamii, wingi wa wagonjwa, na kuwapo kwa njia za kuyazuia. Kuvitaja vigezo si kazi. Kazi ni kukipa kila kimoja uzito wake, na hapo ndipo ilipo hekima iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul nchini Iraki, aliyetambua kwamba akili ya mwanadamu hulemewa ikitakiwa kuhukumu mambo mengi kwa pamoja, ilhali mawili huyapambanua bila ya taabu.

Basi vigezo hulinganishwa viwili viwili, kwa njia niliyoona vyema kuiita mlinganisho wa jozi. Tumfikirie muuza viungo mwenye mizani nzuri lakini asiye na hata wakia moja ya jiwe la kupimia: kifuko cha karafuu akakiona kinalingana na vitatu vya iliki, na cha iliki kinalingana na viwili vya bizari, ratli haijui, lakini nisba ya kila kitu kwa chenzake ameijua, na tena, akipima karafuu kwa bizari akapata vifuko viwili badala ya sita, amejua pia kwamba mahali fulani mkono wake ulitetereka. Vivyo hivyo vigezo vitano huzaa jozi kumi, ambapo nne zingalitosha kutoa uzito wote; sita zilizozidi ni mashahidi, na tofauti ya kauli zao hupimwa kwa hesabu, hata hakimu aliyejipinga mno akaombwa ahukumu upya. Sijui kanuni nyingine inayomheshimu mwanadamu kiasi hiki huku ikimchunguza.

Ni kweli kwamba kigezo kama wingi wa wagonjwa hutegemea takwimu, na takwimu za brusela, ambayo homa yake hudhaniwa aghalabu kuwa malaria, ni pungufu. Lakini huo ni upungufu wa kinachopimwa; mizani ni mizani.

Na daraja ya tatu haikukinyima kichaa cha mbwa haki yake, kwani Kenya ilikwisha kuweka mpango wa miaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo nacho, kwa kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa.